Uliandika vizuri, ordinatere ikabadilisha: dalili za fonti na za koreksyo otomatiki

Mu sekretaria za Bukavu, kuanzia Nguba mpaka Kadutu, herufi moja ikigeuka mu dokima watu wanasema paka "ni virisi", wanapitisha antivirisi, kisha wanaandika ukurasa yote upya, na kuru ikikatika katikati njo kazi imekufa kabisa. Mara mingi haiko virisi. Ni Word ao LibreOffice, zile programu za kuandikia, njo imekusaidia bila kuitwa (hiyo njo koreksyo otomatiki), ao ni fonti, yaani sura za herufi, njo imevalisha herufi nguo yenye haukuomba. Hizo mambo mbili dawa yake haifanane, basi mbele ya kugusa parametre yoyote ujue kwanza uko mbele ya gani.

Kujua ni mwepesi. Kopi ile kipande yenye imeharibika kutoka ku Word ao LibreOffice (PDF iko na mambo yake, tutaiona chini), ubandike mu Bloc-notes ya Windows. Bloc-notes haina urembo, inaonyesha herufi zenyewe tu. Kama hata mule ndani iko mubaya, herufi yenyewe njo ilibadilishwa, mwenye kufanya vile ni koreksyo otomatiki. Kama mu Bloc-notes iko muzuri basi maandishi yako salama, ni sura tu njo ilibadilika, na shida utaitafuta ku fonti ao ku kile programu inaomba fonti ifanye. Nimeona watu wanazima koreksyo yote ya Word juu ya shida ya fonti, halafu shida inabakia palepale na sasa tena hawana hata msaada wa kurekebisha "kwnaza" iwe "kwanza".

Kintu kingine cha kujua mbele. Fonti za siku hizi karibu zote ni OpenType, ile mpango Microsoft na Adobe walitangaza mu 1996. Ndani ya fonti kuko tablo moja inaitwa GSUB, yenye inabadilisha sura moja na ingine, na ingine inaitwa GPOS, yenye inasogeza sura kushoto, kuliya, yulu, chini. Kila uwezo uko na jina ya herufi ine: liga ni kuunganisha herufi, smcp ni herufi kubwa ndogo, yaani herufi kubwa zenye kimo ya herufi ndogo, onum ni namba za zamani zenye kupanda na kushuka, tnum ni namba za upana sawa, frac ni sehemu za hesabu sawa ½, ss01 mpaka ss20 ni mitindo ya urembo. Fonti inatoa, programu inaomba. Moja ikikosa hakuna kitu kitafanyika, na hakuna ujumbe wa kosa utatokea, njo maana watu wanafinya na kufinya bila kuona mabadiliko.

Unatafuta "katika" mu PDF, inasema haiko

Hii njo inasumbuaka zaidi wanafunzi wa TFC (kazi ya kumaliza masomo), juu macho inaona neno na Ctrl na F haiioni. Ukikopi sentensi kutoka ku ile PDF unapata kitu sawa hii: "kaƟka KaƟba ya inchi". Ile Ɵ haukuiandika wewe. Ku fonti Calibri kuko sura moja yenye imeunganisha t na i pamoja, na Kiswahili imejaa hiyo "ti": katika, hati, kiti, mtihani, matibabu. Ku karatasi inaonekana muzuri sana. Lakini PDF haiwekaka herufi, inaweka sura, kisha inafaa iweke pembeni orodha ya kusema sura hii ni herufi gani. Kama orodha haiko ao iko mubaya, mwenye kusoma PDF anabahatisha, na "ti" inakuwa Ɵ. Na "tt" pia inapataka ile shida, majina sawa Matthieu inatoka na Ʃ katikati. Kwa fonti zingine ni "fi" njo inapotea: "ufisadi" inatoka "u sadi", na nafasi wazi.

Angalia kwanza PDF ilitengenezwa ginsi gani. Kama mutu alipitia emprimante ya uongo, yaani alifanya Imprimer kisha akachagua emprimante ya PDF, hapo njo kosa inazaliwaka mara mingi. Rudi ku fishie ya mwanzo, ufanye "Enregistrer sous" uchague PDF, ao mu LibreOffice "Exporter au format PDF", kisha jaribu tena kukopi sentensi moja yenye iko na "katika". Kama bado, zima liga. Mu Word chagua maandishi yote kwa Ctrl na A, finya Ctrl na D, enda ku "Paramètres avancés", ku Ligatures weka "Aucune". Word za zamani zinakuwaka nayo imezimwa tangu mwanzo, lakini Word za siku hizi zingine zinaiwasha zenyewe, kwa hiyo angalia kila mara. LibreOffice yenyewe inawasha liga bila kuuliza, tangu toleo 5.3 ya 2017 inatumia HarfBuzz (programu ndogo ya ndani yenye kupanga sura za herufi) ku Windows, Linux na Mac, na HarfBuzz inaheshimu kile fonti inasema. Kule, ku kasanduku ya jina ya fonti unaandika Calibri:-liga, unafinya Entrée, basi.

Kama fishie ya mwanzo ilipotea na umebakia na PDF peke, usijisumbue na fonti, hapo imekwisha. Kopi maandishi, bandika, kisha fanya "Remplacer" ya Ɵ yote kuwa ti. Ile ya nafasi wazi haina Remplacer, itaomba macho.

(a), (b), ©

Mutu analeta statuti za ASBL (shirika lisilo la faida), artikle ya memba iko na vipengele, na ku karatasi kunatoka (a) memba waanzilishi, (b) memba wa kawaida, © memba wa heshima. Mu Bloc-notes pia inabakia ©, basi ni koreksyo. Word iko na liste yake ya kubadilisha, na mu ile liste (c) inakuwa ©, (r) inakuwa ®, nukta tatu zinakuwa alama moja …

Dawa ya haraka, na hii watu wengi hawaijue: mara tu inabadilika, mbele ya kuandika kitu kingine, finya Ctrl na Z mara moja. Haitafuta neno, itafuta paka ule ubadilishaji, na (c) yako itarudi. Inafanya kazi mu Word na mu LibreOffice. Kama kila siku unaandika statuti, toa kabisa: Fichier, Options, Vérification, "Options de correction automatique", tafuta (c) mu liste, Supprimer. Mu LibreOffice ni Outils, "Options d'AutoCorrection", na kule kila lugha iko na liste yake, basi ukitoa ku Français na dokima yako imewekwa ku lugha ingine itaendelea kukufanyia ileile, angalia kwanza juu kabisa ya dirisha ni lugha gani imechaguliwa.

Ndugu yake ni tarehe. Unaandika 1/2 juu ya mwezi wa pili, inakuwa ½. Unaandika 1/4, inakuwa ¼. Lakini 1/3 inabakia 1/3, juu Word inajuaka paka 1/2, 1/4 na 3/4, na kwa tablo ya tarehe unapata mistari mbili za sehemu na zingine za kawaida, mkubwa anauliza nani alilewa. Zima mu ileile dirisha ya koreksyo, ku ongleti yenye iko na neno "frappe", pale imeandikwa Fractions. Na kama ni sehemu za kweli unataka, sawa vile mu kitabu ya hesabu, na unataka 1/3 na 5/8 zifanane na ½, apana kutegemea koreksyo, hapo ni kazi ya frac ya fonti. Word haina fasi ya kuomba frac. LibreOffice iko nayo, unaandika jina ya fonti na :frac nyuma, lakini chagua ile sehemu peke yake mbele ya kufanya vile, juu kwa fonti zingine ukiiweka ku ukurasa muzima namba zote zinakunjika, hata namba ya telefone.

"Goma à Bukavu"

Hii naipenda juu inajificha. Mutu anatengeneza horere ya mashua, anaandika Goma --> Bukavu, Word inamupa mushale muzuri. Anakopi, anatuma ku WhatsApp, na kule inasomeka "Goma à Bukavu". Kwa sisi wenye tunasoma Kifaransa hakuna mutu anashtuka! Kila mutu anafikiri ni Kifaransa tu. Inajulikana paka siku mushale unaangukia fasi yenye "à" haina maana, sawa "Lipa à chukua risiti", ao kama ile ya mistari mbili ==> inatoka na "è".

Word haikuweka mushale wa kweli, iliweka herufi à yenye imevaa Wingdings (fonti yenye iko na picha fasi ya herufi), na Wingdings ku fasi ya à iko na picha ya mushale. Ukiivua ile nguo, à inabakia uchi. Njo ile shida moja na J za barua: mutu anaandika :) mu Outlook, inakuwa uso wa kucheka wa Wingdings, na ku telefone ya mwenye kupokea inafika paka "Asante sana J". Nimeona mutu anauliza J ni nani.

Toa --> na ==> na :) mu ileile liste ya koreksyo. Halafu kama unahitaji mushale weka wa kweli: andika 2192 kisha palepale finya Alt na X, na kwa Word ya Kifaransa ni Alt na C. Hiyo ni herufi yenye iko na namba yake ya kimataifa, itafika → fasi yote, ku telefone, ku barua, ku PDF. Kwa zile za zamani zenye ziko tayari mu dokima usifanye Remplacer ya à yote kwa kipofu, utaua Kifaransa yako yote, pitia moja moja.

Giyume mbili za namna tofauti mu ukurasa moja, na nafasi mbele ya alama

Dokima moja, juu kuko « hivi », chini kuko “hivi”, na mbele ya nukta mbili kuna nafasi fasi zingine, zingine hakuna. Hapa shida haiko ku wewe wala ku klavie, iko ku lugha. Word inachagua giyume kufuatana na lugha yenye iliandikwa ku kila kipande, na kama kipande imewekwa Français inaweka « » na nafasi isiyokatika ndani, na pia inaweka ile nafasi mbele ya : ; ! na ?. Sisi tunachanganya Kiswahili na Kifaransa mu paragrafu moja, na Word iko na ile opsyo ya kutambua lugha yenyewe, basi inarukaruka: maneno ine za Kiswahili inafikiri ni Kiingereza, mstari ya kufuata inarudi ku Kifaransa.

Finya Ctrl na A, enda ku Révision, Langue, "Définir la langue de vérification", tafuta Kiswahili mu liste, kisha utoe tiki ku "Détecter automatiquement la langue". Kama hautoe hiyo tiki kazi yako ni ya bure, itarudi tu. Vipande vya Kifaransa, sawa resume ao majina ya sheria, uvichague pembeni na uviwekee Français.

Ile ya nyuma haitajirekebisha, sasa fungula Remplacer, ku "Rechercher" andika giyume ya klavie, ku "Remplacer par" andika ileile giyume ya klavie, fanya kwa zote. Inaonekana kama mchezo, lakini Word inaziandika upya kufuatana na lugha mpya na zote zinafanana. Na kama unataka giyume za wima bila urembo, zima kwanza ile opsyo ya giyume ku ongleti ya frappe, kisha fanya Remplacer ileile.

Ile nafasi isiyokatika utaijua ukiwasha kitufe ya ¶: nafasi ya kawaida inaonekana nukta, hii inaonekana ka duara kadogo sawa ° . LibreOffice inaipaka rangi ya kijivu.

Na inatokea mbali zaidi ya giyume. Mutu analeta tablo ya makuta ya Word, 25 000, 140 000, 8 500, anabandika mu Excel, anaweka SOMME, inatoka 0. Anasema Excel imekufa. Haikufa, kati ya 25 na 000 kuko nafasi isiyokatika yenye Excel ya ile machine haijue kama ya maelfu, na kwake ile si namba, ni maandishi. Alama ni kwamba namba imelala upande wa kushoto wa kasanduku. Weka pembeni =SUBSTITUE(A1;CAR(160);"")*1 na uishushe. Ikikataa, basi ni ile nafasi nyembamba, weka UNICAR(8239) fasi ya CAR(160). Nyuma ya hapo namba zinahamia kuliya na SOMME inajibu.

Mstari yenye haifutike

Uliandika vitiretu vitatu (---), ukafinya Entrée, kukatokea mstari kuanzia kushoto mpaka kuliya. Unafuta, haitoke. Unafuta paragrafu, inapanda kwa ile ya juu. Haiko herufi, ni mpaka ya paragrafu. Weka kursa ku paragrafu ya juu ya mstari, enda ku Bordures mu Accueil, "Aucune bordure". Basi.

Herufi kubwa yenye haukuomba nyuma ya k.m. na n.k.

"Leta mboga k.m. Sombe." Word iliona nukta ikafikiri sentensi imekwisha. Haijue vifupisho vya Kiswahili, inajua vyake vya Kifaransa. Mu dirisha ya koreksyo kuko "Exceptions", ongeza mule k.m., n.k., taz., na vifupisho vya kazi yako, kwa lugha zote zenye unaandikaka.

Namba za faktire zinapanda na kushuka

3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini ya mstari, 6 na 8 zinapanda, 0 inakuwa ndogo sawa o. Mteja anasema umebadilisha namba. Bloc-notes inaonyesha namba ziko sawa, kwa hiyo ni fonti. Corbel, Candara, Constantia na Georgia ziko na namba za zamani tangu kuzaliwa. Mu barua ndefu ile ni uzuri, namba inaingia kati ya maneno bila kupiga kelele, lakini mu faktire ni hatari juu "o" na "0" zinakaribiana na safu hazisimame.

Kwa zile tatu za kwanza, Ctrl na D, "Paramètres avancés", pale kuko fasi mbili za namba: ya kwanza ni upana, chagua "Tabulaire" ili kila namba ichukue upana sawa na makumi ikae chini ya makumi, ya pili ni sura, chagua ile ya kusimama sawa, si "Ancien style". Ku LibreOffice ni Corbel:lnum&tnum. Kwa Georgia ya kawaida ya Windows usipoteze wakati, namba za kusimama hazimo ndani yake, programu itaomba na fonti haitakuwa na kitu cha kutoa. Badilisha fonti ya ile safu. Mimi faktire naziwekaka Calibri ao Arial, sitaki hadisi na mutu mwenye kulipa.

Mwaliko ya ndoa ulikuwa na mikia ya maua, ku machine ya emprimeri mikia imepotea

Hapa kuko sababu kama tatu na inafaa uende kwa mpango. Gabriola, yenye ilikuja na Windows 7, njo watu wanapendaka juu ya mialiko, iko na mitindo ya urembo mingi ndani, na majina ya bwana na bibi arusi inapata mikia mirefu.

Angalia juu ya dirisha kama imeandikwa "Mode de compatibilité". Fishie ya .doc, ao .docx yenye ilitoka ku Word 2007, inafungia nje hizi zote, ukifungula Ctrl na D fasi za OpenType zinakuwa kijivu. Enda Fichier, Informations, Convertir. Na Word 2007 yenyewe haijue haya mambo, yalianza na Word 2010, na kuko machine mingi mu mji zenye bado ziko na 2007 iliyopigwa krak.

Kama iko kawaida na mikia haiko, angalia jina ya fonti ku ile machine ingine. Kasanduku inaweza kuandika Gabriola na fonti yenyewe haiko, imebadilishwa kimyakimya na ingine. LibreOffice inasaidia kidogo, inaandika jina ya kulala kama fonti haiko. Weka fonti ndani ya fishie: Options, Enregistrement, "Incorporer les polices dans le fichier". Fonti zingine leseni yake inakataza na Word itaziruka.

Ya tatu ni kwamba emprimeri haitumie Word. CorelDRAW, ile programu ya kuchora, ilianza kujua OpenType kwa kweli ku X6, mu 2012, kwa hiyo mwenye X4 ao X5 atafungula Gabriola na ataona herufi bila mikia hata fonti ikiwa ndani. Publisher kuanzia 2010 inajua. Lakini jibu yangu kwa mialiko ni moja: tuma PDF, na uifungule ku telefone yako mbele ya kutuma, na kama emprimeri inasisitiza iweze kusogeza vitu, wabadilishe majina kuwa mistari ya kuchora ku machine yenye iko na fonti, kisha watume ile. Herufi zikishakuwa michoro hazihitaji fonti tena, ila hakuna kurekebisha jina lenye kosa, basi soma majina mara mbili, na mutu wa familia asome pia.

Herufi kubwa ndogo zinaonekana zimekonda

Ile "Petites majuscules" ya Word ni ya kuigiza, inachukua herufi kubwa na kuipunguza, na mistari yake inapungua pia, pembeni ya herufi za kawaida inaonekana mgonjwa. Word haiombake smcp, hata fonti ikiwa nayo. LibreOffice inaomba: Libertinus Serif:smcp, na kama unataka na namba za zamani, Libertinus Serif:smcp&onum. Tangu 6.2 kuko pia kitufe ku dirisha ya Caractère, unatia tiki bila kukariri majina. Ila ukihifadhi ile kwa .docx, ile mkia ya :smcp inaingia mu jina ya fonti, na Word inatafuta fonti yenye haiko duniani. Bakia ku .odt, toa PDF.

Kasanduku fasi ya ɛ, na aksa yenye inaruka pembeni

Wenye kuandika Lingala na tonu, ao wanafunzi wa lugha wenye kuandika Kilega na Kinande, wanajua hii. Kasanduku maana yake fonti haina ile herufi kabisa. Aksa kuwa pembeni, ao kupanda mbali, maana yake herufi iko lakini fonti haina maelekezo ya kuweka aksa, ile kazi ya GPOS. Kwa é haitokee juu é ni herufi moja nzima, iko na namba yake. Lakini ɔ́ haina namba ya peke yake mu Unicode (ile orodha ya kimataifa ya namba za herufi), paka uandike ɔ kisha aksa ya kuelea, mbili, na fonti njo inazikutanisha. Andika mbɔ́tɛ kwa fonti ya urembo yenye ulishusha bure na utaona aksa inakaa katikati ya ɔ na t.

Hakuna parametre ya kurekebisha hiyo. Badilisha fonti: Charis SIL, Doulos SIL, Gentium Plus, ao Noto, zote ni za bure na zilitengenezwa na watu wenye kujali hizi herufi. Kuandika ɛ bila kutafuta mu Insertion, ni 025B na Alt na C ao X, ɔ ni 0254, aksa ya kuelea ni 0301. Ukiandika kazi ndefu ya lugha usiendelee vile, weka klavie yenye iko nazo.

ng'ombe haionekane ku kutafuta

Kuko alama tatu watu wanatumia: ' ya klavie, ’ yenye koreksyo inaweka, na ´ yenye mutu alipata kwa bahati akafikiri ni ileile. Kwa macho karibu sawa, kwa ordinatere ni herufi tatu tofauti. Word ukitafuta kwa ' inapata na ’ pia, lakini ku Excel na ku programu zingine za kusoma PDF haikubali, na ile ´ haikubaliwe fasi yote. Chagua moja kwa dokima muzima, ’ kwa kitabu na ' kwa liste za majina zenye zitaingia mu Excel, na fanya Remplacer ya ´ mbele ya kila kitu.

Ulirekebisha yote, ku machine ya pili inaanza tena

Parametre za koreksyo zinakaa mu machine, haziendake na dokima. Ukitoa (c) ku ordinatere ya mbele ya sekretaria, ile ya nyuma bado inatengeneza ©, na siku wanaformate machine zote zinarudi. Mambo ya fonti, liga, namba, mitindo, hizo zinasafiri ndani ya dokima, ila zinahitaji fonti kule zinafika. Kwa hiyo kama uko na machine kadhaa, koreksyo unaizima ku kila moja, lakini ya fonti unaiweka mara moja mu style Normal, unahifadhi ile dokima tupu kama modele ya .dotx, na kila kazi mpya unaianzia pale.